Chungu Kilichofungua Madirisha

Mtu wa kwanza kusema kwamba kazi yangu si kazi alikuwa yule yule niliyetaka awe baba mkwe wangu. Hakuniambia mwenyewe. Alimwambia binti yake, na binti akaniletea maneno hayo yakiwa bado ya moto, pale kinamasini, kijijini kwetu Ndama, nikiwa nimezama magotini nachimba udongo.

"Baba anasema mfinyanzi ni mtu anayeuza shimo," alisema, amesimama juu ya mafunjo yaliyolala ili asichafue miguu. "Eti udongo unauzungusha tu pembeni, shimo lisikimbie."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema shimo la shangazi linavuja. Tengeneza jingine."

Akageuka akaenda zake, na mimi nikabaki nimeshika bonge la udongo kifuani kama mtu aliyepewa mtoto.

Binti huyo alikuwa wa Kibingo. Alikuja kwetu kukaa na shangazi yake, dada wa baba yake, aliyeolewa jirani na kibanja chetu, shamba letu la migomba. Shangazi alikuwa mama mwenye kicheko cha kufukuza ndege kwenye mtama, na mwaka ule alivunja vyungu vingi sana. Sisemi uongo: vigae vyake ungevipanga njiani ungefika Rwanda bila kukanyaga nyasi. Kila kilipovunjika, alimtuma binti kwangu kuchukua kingine. Mimi, kwa akili zangu za wakati ule, nilifikiri mama wa watu ana mikono dhaifu.

Haya nayaandika kwa mkono wangu. Mkono huu ulijifunza herufi kwenye darasa la usiku kichwa kikiwa tayari na mvi, kwa hiyo msomaji akiona kalamu imekimbia mahali, aisamehe. Ilichelewa kufunguliwa zizi. Nimejaribu kupunguza chumvi. Nilipoipunguza sana, hata mimi mwenyewe sikuweza kuimaliza hadithi, nikairudisha.

Basi. Mwaka huo huo mwenye duka wetu alitafuta watu wa kubeba ngozi hadi Bukoba. Alikuwa Mwislamu, mtoto wa mtu wa pwani aliyekuja na msafara zamani akapenda hewa ya milima yetu akabaki. Kanzu yake ilikuwa nyeupe kiasi kwamba akipita shambani kunguru walinyamaza. Lakini sifa yake kubwa ilikuwa ulimi. Mtu huyo angeweza kumuuzia kobe ganda.

"Shikamoo bwana," nilimwambia. "Nimesikia unataka wabebaji."

"Marahaba. Wewe si mfinyanzi? Utaweza mzigo?"

"Bwana, nabeba udongo mbichi kila siku. Ngozi ni unyoya."

Nilijuta kabla hatujavuka bonde la kwanza, lakini nilifika. Na nilipofika Bukoba nikalisahau bega langu, nikaisahau njaa, nikamsahau hata binti wa Kibingo kwa muda wa kama kupiga chafya, kwa sababu nililiona boma la Wajerumani.

Ninyi mliozaliwa katika nyumba za pembe nne hamwezi kuelewa. Kwetu nyumba zilikuwa misonge: majani kutoka kileleni mpaka chini, duara, nyumba imejifunika kama kuku aliyelalia mayai. Ukiizunguka unazunguka, unazunguka, unarudi ulipoanzia. Sasa pale nilitembea kando ya ukuta, mkono umeugusa, na ghafla ukuta ukakatika! Ukageuka! Ukaenda upande mwingine kana kwamba umekumbuka jambo!

Ilikuwa kona. Nilikuwa sijawahi kuiona kona ya nyumba. Niliishika. Nikarudi nyuma nikaijia tena. Nikaijia kutoka upande wa pili, nayo ilikuwepo vile vile. Nikawa naipapasa na kucheka peke yangu mpaka askari akatoka.

"Wewe! Unatafuta nini hapo?"

"Natafuta ukuta ulipokwenda."

Akanifukuza. Nikazunguka upande wa pili, nikakuta nyingine.

Na si kona tu. Kulikuwa na mlango wenye tao juu yake, mlango wenye nyusi, unakutazama kwa mshangao. Kulikuwa na ukuta wenye meno. Kulikuwa na nyumba imepanda juu ya nyumba nyingine, na ya chini hailalamiki. Na madirisha! Matundu yaliyowekwa makusudi, kwa mpangilio, mtu mzima amekaa akafikiri: hapa nitaweka hewa.

"Pwani mambo haya ni ya kawaida," mwenye duka aliniambia tukirudi. "Pwani nyumba ina ghorofa, ina roshani, na dari yake haivuji hata tone. Imezibwa kabisa."

Imezibwa kabisa. Neno hilo nililibeba kutoka Bukoba mpaka Ndama, nalo ndilo lililokuja kunimaliza.

Nilipofika nyumbani sikulala chini. Nilichukua udongo mweusi wa kinamasini, nikauchanganya na mwekundu wa kichuguu na vigae vilivyosagwa, vya shangazi vikiwa vingi kuliko vyote, nikaanza kufinyanga chungu chenye kona nne. Kikapasuka kwenye kona. Nikafinyanga kingine, kikapasuka kwenye kona. Udongo wetu ni kama watu wetu, umezoea duara; ukiupa kona unaikasirikia, na motoni unasema wazi. Milipuko ilikuwa mikubwa hata ng'ombe wa bonde la pili waligoma kukamuliwa.

Nikaachana na kona, nikashika madirisha. Nikatengeneza chungu cha duara chenye ghorofa mbili, mlango wenye tao, na madirisha pande zote, nikayakata kwa kisu cha tete. Nikakisugua kwa kokoto ya mtoni mpaka kikang'aa, nikakipitishia msuko wa mafunjo shingoni, kikawa na michoro kama mkeka wa ukindu. Nikakichoma kwa nyasi kavu na majani ya mgomba. Kikatoka kizima! Nikamwita mama.

Mama alikizunguka. Mama alikuwa mtu wa maneno machache, na yote aliyanoa kabla ya kuyatoa.

"Hiki ni chungu au nyumba ya panya?"

"Ni boma, mama."

Akachukua kibuyu cha maji akayamimina ndani. Maji hayakuuliza. Yalitoka milangoni na madirishani yote kwa pamoja, kama watu waliosikia senene, panzi wetu wa kuliwa, wametua.

"Wenye boma wamehama," mama akasema, akaenda kumenya ndizi.

Lakini mwenye duka alipokiona alishika kichwa. Alikichukua hadi dukani, akaweka kaa la moto ndani na chembe za ubani. Moshi ukatoka kwenye kila dirisha, wa juu na wa chini, kama mtaa mzima umeinjika. Akakaa akautazama mpaka kaa likafifia. "Babangu angeona hiki," akasema mwisho, "angerudi kwao kwa miguu." Toka siku hiyo chetezo changu hakikuondoka dukani kwake, na mimi nikawa kipenzi chake. Nikaona ndio wakati.

"Bwana," nikamwambia, "nataka kuoa Kibingo. Nahitaji mshenga mwenye maneno."

"Kwa nani?"

Nikamtajia. Akacheka. Alimjua, alinunua kahawa kwake. "Yule mzee? Yule ana mtu wa Nyakatuntu mwenye ng'ombe anamsubiri. Nimesikia amempa siku." Akaona uso wangu ulivyoporomoka. "Usilie. Pombe yenu sitaigusa, unajua dini yangu. Lakini maneno nitayagusa yote."

Na ilikuwa kweli. Shangazi alikwenda Kibingo akarudi na jibu la kaka yake: mfinyanzi aje kabla ya mtu wa ng'ombe, na maneno yaishe siku hiyo hiyo, maana kesho yake Nyakatuntu wanaingia. Binti alikuwa ameshaitwa nyumbani. Kabla hajaondoka alipita kwangu kuchukua chungu ambacho safari hii hakuna aliyekuwa amekivunja.

"Utakuja?" akaniuliza.

"Nitakuja na kitu ambacho baba yako hatakiita shimo."

"Njoo na pombe nzuri," akasema. "Baba akishaionja, basi."

Hapa lazima nieleze, maana kila kitu kilining'inia hapo. Kwetu mwenye binti haonji pombe ya posa mpaka amekubali. Pombe ikigusa ulimi wake, amekubali, maneno yamekwisha, hata akiitema. Kwa hiyo baba mwenye msimamo hukaa na mdomo wake kaubana kama kwapa. Na anayeanza kuifungua na kuonja, mbele ya watu wote, ni mshenga, ionekane haina ubaya.

Nilikamua rubisi, pombe yetu ya ndizi, mwenyewe, kwa miguu yangu, ndizi zilizoiva na nyasi, nikaitia unga wa mtama. Na kwa ajili yake nikafinyanga boma jipya. Hili lilikuwa la kubeba pombe kweli, kwa hiyo madirisha sikuyatoboa. Niliyabonyeza kwa kidole gumba mpaka udongo ukawa mwembamba kama ganda la yai, yakaonekana matundu na si matundu. Mlango wenye nyusi niliufanya mkubwa kuliko yote, na mwembamba kuliko yote. Juu nikaweka mfuniko kama paa la pwani. Nikaumiminia pembeni nta ya nyuki, nikaufunga kwa kamba za mgomba, nikarudia nta.

Mama alisimama mlangoni. "Rubisi ina pumzi. Iachie pua. Weka majani ya mgomba kama watu wengine."

"Mama, boma halizibwi kwa majani. Limezibwa kabisa."

"Haya," mama akasema. Na mama akisema haya namna ile, mtu mwenye busara angekaa chini. Mimi nilikuwa na haraka ya kuoa.

Kibingo ni safari ya kulala njiani. Tulilibeba boma kwenye machela ya miti, vijana wa jirani wakipokezana, limefunikwa nguo nyeupe ya mwenye duka. Kila tulipopita watu walitoka vibanjani.

"Nani mgonjwa?" wakauliza.

"Si mgonjwa," shangazi akawajibu. "Ni Mjerumani. Amelala."

Watu wakaruka kando wakatupisha njia nzima! Kuna mzee mmoja alivua kofia akaishikilia mpaka tulipopotea kilimani. Shangazi alicheka hadi ikabidi naye tumfikirie machela.

Siku ya pili jua likiwa kali tukafika. Kiwanja kilikuwa kimetandikwa nyasi laini, wazee wamekaa, kahawa ya kutafuna ikapitishwa kwenye kikapu kidogo. Mzee mwenyewe, baba wa binti, alikaa mbele, masharubu yake mapana kama ufagio mpya. Binti sikumwona, lakini ukuta wa mafunjo nyuma ya msonge ulikuwa na macho.

Tukaliweka boma katikati, juani, hatua chache tu mbele ya mzee, mlango wake mkubwa ukimtazama yeye. Nikavuta nguo.

Kelele! Wazee waliinuka. Mmoja akagusa dirisha kwa kidole kuona kama kinaingia.

"Hii ni nini?" mzee akauliza.

"Ni boma la Bukoba, baba," nikasema.

"Anaishi nani humo?"

"Anaishi rubisi."

Watu wakaangua kicheko. Mzee hakucheka, ila masharubu yalisogea kidogo. Mwenye duka akainuka, akakunjua ulimi wake. Alisifu nyumba, alisifu migomba, alisifu masharubu. Alieleza jinsi udongo wa Ndama ulivyolia kwa hamu ya kufika Kibingo. Nilijisikia nimeshaoa. Kisha mzee akainua mkono.

"Maneno mazuri. Sasa mshenga, fungua, onja."

Mwenye duka akanigeukia mimi, nami nikamgeukia yeye.

Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifikiria hilo. Mimi niliufikiria ulimi wa mwenye duka, sikulifikiria koo lake.

"Mzee wangu," mwenye duka akasema taratibu, "unanijua miaka yote. Mimi sinywi."

"Najua. Na mimi sikukutuma uwe mshenga."

"Nitainusa."

"Kunusa si kuonja."

"Ataonja kijana mwenyewe, mimi nitamtazama."

"Anayeoa ajionjee posa yake? Hiyo ni pombe ya kilabuni sasa."

"Kaka," shangazi akaingilia, "acha ukaidi. Mimi nitaonja."

"Wewe ni wa kwetu! Wewe unakula pande zote mbili, tangu utotoni!"

"Nakula pande zote mbili ndiyo maana nina mwili, tazama wewe ulivyokonda kwa kubania!"

Wazee wakagawanyika. Wengine walisema mshenga anaweza kuonja kwa mkono wa mwingine. Wengine wakasema hapo hakuna posa iliyofika, ni mzigo umepita. Na jua likaendelea kulipiga lile boma, na mimi nilikuwa natokwa na jasho kuliko mtu anayekamua ndizi, nikiwaona akilini ng'ombe wa Nyakatuntu wanakuja na kengele zao.

"Basi," mzee akasema mwishowe, akasimama. "Mshenga asipoonja, posa haijafika. Chukueni Mjerumani wenu mrudi naye." Habari za njiani zilikuwa zimetutangulia. Akalisogelea boma, akainama kulitazama mara ya mwisho, uso kwa uso na mlango. "Hii yote," akasema, "kwa ajili ya shimo."

Boma likajibu.

Kwanza lilitoa mlio mwembamba, *kwiii*, kama mbuzi anayeitwa kwa mbali. Halafu madirisha yakafunguka yenyewe. La juu, la kushoto, la nyuma, pah, pah, na mlango mkubwa wenye nyusi ukaondoka wote kwa pamoja na rubisi ikatoka nyuma yake kama ng'ombe waliofunguliwa zizi. Mkondo mmoja uliruka ukatua kwenye kanzu ya mwenye duka. Mwingine ulimwogesha mzee wa kidole. Na ule mkubwa kuliko yote, mnene kama mkono wangu, ulimpiga mwenye nyumba usoni katikati, ukamketisha kwenye nyasi.

Hata kuku walisimama na mguu mmoja juu.

Mzee alikaa pale, rubisi ikimtiririka kutoka kwenye masharubu. Akafumba macho. Akafumbua. Na kisha, bila kufikiri, kama mtu yeyote mwenye masharubu yaliyolowa, akatoa ulimi akayalamba.

"AMEONJA!" shangazi akapiga kelele ambayo naamini Bukoba walisikia. "Ameonja! Nyote mmeona! Ulimi ule, ulimi wa kaka yangu mwenyewe!"

"Sikuonja!" mzee akang'aka. "Imeninywesha!"

"Imegusa ulimi?"

"Imerushwa!"

"Nauliza imegusa ulimi?"

"Shangazi asema kweli," mwenye duka akadakia, huku akiikamua kanzu yake kwa vidole viwili, mbali na mwili, kama mtu anayemshika nyoka mkia. "Wazee wangu, mila imesema pombe ikigusa ulimi. Haikusema kwa mrija wala kwa mlango. Na mimi mshenga wenu, tazameni, imenifika hadi kwenye mbavu. Kama kuna aliyepokea posa hii kuliko mimi, ajitokeze."

Wazee wakatazamana. Yule wa kidole, rubisi ikimchuruzika, alikuwa ameshalamba kiganja chake na sasa alikuwa anakilamba upande wa pili. "Ni nzuri," akasema kwa upole. "Mtama umekaa."

Kicheko kilianzia nyuma ya ukuta wa mafunjo. Nilikijua, nilikuwa nimekisikia kinamasini. Kikaingia kiwanjani, kikawashika wanawake, kikawashika wazee, na mwisho kikampanda mzee mwenyewe kutoka tumboni, akijaribu kukizuia, masharubu yakitetemeka, mpaka kikamshinda akaanguka chali kwenye nyasi zake akacheka na miguu juu.

Aliponyamaza akaniita. "Mfinyanzi."

"Naam, baba."

"Kimebaki chochote humo?"

Nilichungulia dirishani. Chini ya kizingiti cha mlango, sakafuni mwa ghorofa ya chini, rubisi ilikuwa imebaki. "Ipo, baba."

"Leteni mrija," akasema. "Haiwezekani niozeshe binti kwa kulamba."

Mtu wa Nyakatuntu alifika kesho yake na ng'ombe wake. Nasikia walimpa kilichobaki, akanywa vizuri, akauliza ni nani aliyetengeneza chungu chenye mlango. Mzee hakukubali boma lile liondoke. Alilisimamisha pembeni ya kiwanja, kuku wakalihamia, wakataga ghorofa zote mbili, na kila mgeni aliyekuja aliambiwa: "Hicho ndicho kilichonipiga."

Mke wangu alipoletwa Ndama, shangazi alikuja naye, akaingia moja kwa moja kibandani kwangu, akachukua chungu kipya kilichokuwa kinakauka, akakiinua juu, akanitazama, akakirudisha chini taratibu bila kukivunja. "Sasa nimepumzika," akasema. "Mkono ulikuwa unaniuma." Ndipo nilipoelewa, nikakaa chini kwenye majivu nikacheka peke yangu.

Mwenye duka alinitaka vyetezo vingine, vya ghorofa tatu, na nikamfinyangia. Lakini chungu cha kwanza nilichotengeneza katika ndoa yangu kilikuwa cha mke wangu.

"Unataka cha namna gani?" nilimuuliza. "Cha tao? Cha meno?"

"Nataka shimo," akasema. "Shimo tupu, la maji. Lisiwe na dirisha hata moja."

Nikamfinyangia shimo. Duara, zito, limeng'arishwa kwa kokoto, lisilovuja hata tone. Ila pale kwenye mshikio, upande wa nyuma ambako jicho haliendi, niliubana udongo kwa vidole viwili nikaugeuza ghafla kuelekea upande mwingine. Kona moja, ndogo kama jino la mtoto. Nilikiweka motoni nikakaa kando yake, nikiwa nimeziba masikio.

Haikupasuka. Na kila alipokiinua chungu kile kwenda mtoni, niliuona mkono wake unapapasa mshikio, unafika pale, unakatika, unageuka, na yeye anacheka peke yake.